Ndege Wakubwa wa Ibanda na Picha Zao

Mtu akiutazama mji wa Bukavu kutoka vilimani huona nchi kavu ikiingia ziwani kama vidole vitano vya mkono uliochovya majini. Vidole hivyo ni rasi, na zinazojulikana zaidi, La Botte, Muhumba na Nyalukemba, zimo katika komini ya Ibanda. Maji ya Kivu yametulia hapo kwenye kimo cha meta 1,460 hivi juu ya bahari, na ng'ambo ya mashariki ndiyo Rwanda.

Kivu si ziwa la ndege kwa maelfu. Kingo zake huteremka ghafula, na vilindi vyake hupita meta 470, basi ndege wenye miguu mirefu hawapati tope jingi la kutembelea. Mwenye kutamani kuona heroe wakiwa kama zulia jekundu na aende Kenya. Hapa kwetu hupita mnandi mweusi mwenye kifua cheupe, au kongoti wa kijivu, au yangeyange wakirudi jioni mlolongo kwa mlolongo. Uchache huo ndio unaomfunza mpiga picha kusubiri, na sisi twaona ni faida.

Yafaa kwanza kuwajua angani. Kongoti akiruka huikunja shingo yake na kuikalisha katikati ya mabega. Kwarara huinyosha mbele kama mkuki. Korongo mwenye taji naye huinyosha shingo, na miguu yake hufuata nyuma. Huyo ni ndege wa kutunzwa sana, kwa kuwa tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka duniani, na wenzetu wa Rwanda wamejitahidi kuwarudisha porini wale waliokuwa wakifugwa majumbani kama mapambo. Mnandi yeye huruka chini kabisa, karibu kugusa maji, na kabla ya kuinuka hukimbia juu ya maji hatua kadhaa.

Ndege mzito hupaa akielekea upepo unakotoka, kama ndege ya chuma ifanyavyo uwanjani. Kwa hiyo mpiga picha asimame upepo ukimpiga mgongoni, na ndege atapaa akimjia. Jua nalo liwe mgongoni. Asubuhi jua hutokea upande wa Rwanda, basi ukingo wa magharibi wa rasi wafaa zaidi. Anayesimama upande wa mashariki wakati huo atarudi nyumbani na vivuli vyeusi tu. Kamera ifungue na kufunga jicho lake kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, au upesi zaidi, la sivyo ncha za mabawa zitakuwa ukungu. Kwa yangeyange apunguze mwanga kidogo, maana weupe wa manyoya ukiungua kwa nuru nyingi, hakuna fundi wa kompyuta awezaye kuurudisha. Kwa mnandi mweusi afanye kinyume.

Jambo jingine si la ufundi. Lenzi ndefu isielekezwe bandarini, wala kwenye daraja la Ruzizi, wala kwa mtu mwenye silaha. Tangu mji ulipotwaliwa na wapiganaji wa M23 katika Februari 2025, wazazi wana haki ya kuwakataza watoto wao kuzunguka na kamera karibu na mpaka. Ndege hupita pia juu ya bustani za shule na za watawa, na humo ruhusa huombwa kwa maneno machache.

Kazi hii ya kumsimamisha ndege angani ina historia nzuri. Mwaka 1882 Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, tabibu aliyechunguza mwendo wa viumbe, alitengeneza bunduki isiyoua: ilikuwa na mtutu na kifyatulio, lakini ilipiga picha 12 kwa sekunde moja. Kati ya picha zake mashuhuri imo ya mwari akiruka, mabawa yakionekana mara nyingi juu ya bamba moja. Mwari ndiye ndege ambaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alimfananisha na Bwana wetu katika utenzi wake wa Ekaristi, na ambaye huchongwa kwenye tabernakulo akiwalisha makinda damu yake. Mapokeo ya kale yalisimulia hivyo; picha za Marey zilionyesha tu jinsi bawa linavyopiga hewa. Hatuoni ugomvi kati ya hayo mawili.

Sasa tuje kwenye kutengeneza picha baada ya kupigwa, maana hapa ndipo vijana wetu wanapobishana. Kukata kingo, kunyosha mstari wa maji uliopinda, kuangaza tumbo la ndege lililofunikwa na kivuli: hayo yalifanywa tangu zamani katika chumba cha giza, na hayamdanganyi mtu. Lakini kijana mmoja wa parokia, mwenye kazi ya picha za arusi, alitupatia picha ya kongoti akipaa karibu na ufuko, safi ajabu. Tulipomwomba ile ya kwanza tukaona chini ya miguu ya ndege chupa za plastiki, mifuko, na kandambili moja. Alikuwa amezifuta zote kwa kidole juu ya simu yake. Alisema, «Wazee wangu, nani atatundika takataka sebuleni?»

Swali lake ni la haki, na kwa sebule tulimwachia. Kwa gazeti tulikataa. Taka zile hushuka na mvua kutoka mitaa ya mlimani, huelea hadi mto unapotoka ziwani, na huko hukwama kwenye kituo cha umeme cha Ruzizi ya Kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wafanyakazi huziopoa, na mitambo ikizibwa taa huzimika Bukavu, hata za yule aliyetupa chupa. Picha iliyosafishwa husema kwamba ufuko ni mzima. Huko London, mwaka 2018, jumba la makumbusho ya viumbe lilimvua mshindi wa mashindano ya picha tuzo lake, kwa kuwa wataalamu waliona mnyama wake, mla-mchwa, alikuwa mfu aliyekaushwa, mwenyewe alikana. Waamuzi hawakusema kwamba picha ilikuwa mbaya.

Kijana wetu alirudi baada ya juma moja na picha nyingine kumi na mbili, zote kama zilivyotoka kamerani. Tulichagua mbili: mnandi akikimbia juu ya maji, na yule yule kongoti pamoja na kandambili yake. Nyuma ya kila moja ameandika kwa kalamu siku, saa na jina la ufuko.