Kipigo cha Adili na Mkuki wa Otenyo

Mwanafunzi wa fasihi atokaye Daraja Mbili, penye soko kubwa la mjini Kisii, huingia darasani na visa viwili vya kisasi: kimoja amekisoma, kingine amekisikia kwa wazee.

Cha kwanza ni Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert. Hasidi na Mwivu wamtosa ndugu yao baharini; Huria, jini, amwokoa na kuwageuza wakosaji manyani. Ni rahisi kuishia hapo na kusema wema umeshinda. Lakini uzito wa hadithi umo katika yafuatayo. Adili aamriwa kuwapiga manyani hao kila usiku, naye hawapigi kwa furaha. Aliyetendwa ndiye abebeshwaye kipigo, na jeraha lake hutoneshwa kila usiku uingiapo. Ahueni yaanza pale tu Mfalme Rai anapowaombea msamaha kwa Huria.

Kisa cha pili hakina Rai. Mwaka 1908 Otenyo, akihimizwa na nabii Moraa, alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza. Northcote alipona, na mwaka 1937 akawa Gavana wa Hong Kong. Abagusii walichomewa nyumba na kuporwa mifugo, Otenyo akauawa. Masimulizi yashikilia kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza, na jamaa zake wamedai kirudishwe. (Adili, ikumbukwe, alitoka baharini na mwili mzima.) Kwa wasimulizi hao, shujaa hajazikwa bado.