Benzi Ndogo Imefika Mnyuzi

Utotoni Mnyuzi, pale reli ya Ruvu inapokutana na ya Tanga, treni hazikutushtua. Ila ikipita Benzi kwenye mashamba ya mkonge, tulifukuzia vumbi lake. Baba alisema, "Soma, utaipata."

Nikasoma. Nikanunua Mercedes 190, ile Benzi ndogo iliyotoka 1982 na kuipisha C-Class 1993. Mkweche, lakini nyota ipo mbele. Nikaipeleka nyumbani. Watoto wakaitupia jicho, wakaendelea na chandimu. Mama akauliza, "Magunia ya mahindi yataingia wapi?"

Wenzangu mjini wanasema Benzi ndogo zimekwisha utamu. Labda. Mimi nilimtaka mtu mmoja tu anione nikishuka, na Baba nilikuwa nimeshamzika.