Damu ya Sista Yangu Haikurogwa

Sista yangu ana selimundu. Naanza hivyo ndio usidhani hili ni somo la bayolojia. Chuo nilishaacha, mtihani siwezi kukutungia.

Wiki iliyopita mikono ilimshika tena. Saa nane usiku, vidole vimefura, analia polepole ndio asiamshe majirani. Mathe anamkanda na kitambaa cha maji moto. Asubuhi shangazi akapiga simu na yale yale yake: kwao mathe kuna damu mbaya, na kama si hivyo basi mtoto amerogwa. Manze, nilikasirika. Lakini baadaye nikabaki na swali. Kama shida iko kwa damu, mbona vidole ndivyo vinauma?

Hebu sikiza. Wewe ulianza ukiwa seli moja. Ikagawanyika na kugawanyika, na kila seli ikapewa nakala ya kitabu kizima cha maagizo, herufi kama bilioni 3. Ila hakuna seli inayosoma kitabu chote. Ya msuli inasoma kurasa za msuli, ya mfupa inasoma zake. Kwa sista, herufi moja imebadilika: penye A pamekaa T, kwa ule ukurasa wa kutengeneza himoglobini. Kosa hilo liko hadi kwa seli za moyo na za goti, lakini huko halisumbui mtu kwa sababu hazina kazi na ukurasa huo. Wanaouhitaji ni wale wa ndani ya uboho wa mifupa, seli nyekundu zinakotengenezewa.

Na seli nyekundu ndiyo naipenda kuliko zote, ukweli usemwe. Ikikomaa inatupa kiini chake, inatupa hadi mitambo ya kuchomea oksijeni, ndio ipate nafasi ya mzigo. Inabeba oksijeni siku kama 120 na yenyewe haitumii hata kidogo. Ni kama mtu wa boda anayepeleka chakula na haonji hata chipsi moja. (Wa mtaa wetu wanaonja.)

Ya sista ikishashusha mzigo inajikunja kama mundu, ile ya kukatia nyasi, na inakuwa ngumu. Inaishi siku 10 hadi 20 tu. Ikifika kwa mishipa midogo ya vidole inakwama, zingine zinarundikana nyuma yake kama matatu kwenye jamu. Vidole vyenyewe havikuwa na kosa. Vinauma kwa sababu vinangoja oksijeni ambayo haviwezi kujiendea.

Kuhusu damu ya kwao mathe: sista alipata nakala mbili zenye kosa, moja kwa mama, moja kwa baba. Yaani nusu imetoka upande wa shangazi mwenyewe. Nilimwambia hivyo, kwa heshima zote. Akakata simu.

Mwenye nakala moja kwa kawaida haugui, tena malaria kali haimwezi kirahisi. Ndio maana hii kitu imejaa Nyanza, Magharibi na Pwani, kwenye mbu wengi. Mimi nilipimwa. Ninayo moja.

Msichana tunayependana kwao ni Busia. Kama naye anayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye usiku kama ule wa sista. Jumapili nilimwandikia nikamwomba akapimwe. Ameusoma ujumbe. Bado hajajibu.