Waliofungwa Nje ya Jela

Sisi tuliokulia Mombasa na Kilifi tulilelewa kumwonea haya aliyefungwa. Mwana akiingia gereza la Shimo la Tewa, mamaye akiulizwa husema yuko bara kikazi. Majirani walijua na wakanyamaza, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Korona ilikuja kutuonyesha uzito wa mzigo huo.

Machi 2020 Kenya ilisimamisha ziara magerezani, na mahakama zikapunguza kazi. Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Huko ndani, watu waliozoea kulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, wakaambiwa wasikaribiane. Huku nje, mama mmoja wa mtaani kwetu alimwandalia kijana wake aliyekuwa rumande mfuko wa sabuni ya kipande, dawa ya meno na kandambili. Ukakaa nyuma ya mlango wiki baada ya wiki. Dhamana kijana alipewa, lakini pesa zitoke wapi? Yeye ndiye aliyekuwa akileta unga, na kibarua cha babake hotelini kilikuwa kimeota nyasi. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Hakuna hakimu aliyekuwa amemtia hatiani, ila nyumba nzima ilikuwa ikitumikia kifungo.

Wadogo zake hawakusema kaka yuko bara. Waliuliza waziwazi, hata mbele ya wageni: Amekula? Anakohoa? Atarudi lini? Kizazi hiki hakikurithi haya yetu, na afadhali.

Tena kimeshuhudia tusilowahi kuliona sisi. Aprili hiyohiyo, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kuwa wafungwa wapatao 4,800 wa makosa madogo wameachiliwa baada ya Mahakama Kuu kupitia upya kesi zao. Lililoshindikana miaka na miaka likafanyika kwa majuma machache. Basi watu wale walikuwa wanakaa ndani kwa faida ya nani?

Vijana, swali hilo nawaachia nyinyi, na msingoje maradhi mengine ndipo mliulize. Nendeni mahakamani mkajue ni nani wa mtaani kwenu anayeozea rumande kwa kukosa dhamana ya elfu chache, na kesi yake inatajwa lini. Kisha mchangieni.