Injinia wa Anti

Jumamosi moja mwezi wa nne, saa moja asubuhi, Anti alinipigia simu. Hakuniuliza hata nimeamkaje.

"Injinia wangu, mashine imekufa. Kuja."

Mashine yenyewe ni ya kuosha vyombo. Ndiyo, tuko nayo, huko Kitengela, ghorofa ya tatu, kwenye ploti ambayo maji huja Jumanne na Ijumaa peke yake. Ilipofika, majirani walikuwa wanapanda kuiona kama watu wanaokuja kutazama mtoto mchanga. Wengine walinong'ona kwamba itamaliza maji ya tangi. Anti aliwaita jikoni, akachukua ule mpira wa kutoa maji machafu, akautumbukiza kwenye ndoo. Mashine ilipomaliza kazi, ndoo ilikuwa na kama lita 12. "Nani kati yenu huosha vyombo vya siku nzima na maji kidogo hivi?" Hakuna aliyejibu.

Anti alikaa Doha miaka 7, kazi ya nyumba. Jikoni kwa bosi wake kulikuwa na mashine hii hii, lakini sahani za nyumba ile zilikuwa na ukingo wa dhahabu, na dhahabu hiyo hubanduka ukiiosha kwa mashine. Basi mashine ikakaa kama pambo, Anti akaosha kwa mikono. Watu 11, mara tatu kwa siku, na wageni kila Ijumaa. Familia hiyo ilipohama, aliomba auziwe. Ikapanda meli hadi Mombasa, ikapanda lori, ikafika nyumbani kabla yake. Siku aliyotua aliniambia, "Mimi na sinki tumeachana."

Sahani hizo zililipia vitu vingi. Kimoja ni karo yangu. Uhandisi wa umeme, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, na semista moja ya mwaka wa tatu ambayo sikuisoma.

Wacha niiseme vizuri. Nilianguka somo la saketi, nikarudia, nikaanguka tena. Nikaacha kuingia darasani, na sikumwambia mtu. Anti akatuma karo kama kawaida, shilingi 31,500, na ujumbe mfupi: "Soma kwa bidii injinia." Nililipa kodi ya miezi miwili, pesa zilizobaki nikanunua laptopu ya mtumba. Ndiyo hii ninayoandikia. Miaka mitatu sasa naandikia watu makala mtandaoni: faida za parachichi, jinsi ya kuchagua zulia. Nyumbani nilisema niko mazoezini kwenye kampuni fulani, baadaye nikasema nangoja mahafali. Mwishowe wakaacha kuuliza, na mimi nikashukuru.

Nilipanda matatu na bisibisi moja mfukoni.

Nilimkuta amesimama mbele ya mashine na leso kiunoni. "Nimebonyeza hapa, haiwaki hata taa."

Nikaanzia nje. Nilichomeka chaja ya simu kwenye soketi ile ile, simu ikachaji. Soketi nzima. Plagi ya Doha ina meno matatu kama zetu, na ndani kuna fyuzi ya ampea 13. Nikaitoa, nikaweka ile ya birika la stima ambalo lilikuwa limechemsha chai asubuhi hiyo. Kimya. Hapo elimu yangu ikaisha.

"Ni nini?"

"Bado naangalia."

"Angalia pole pole. Wewe ndiye ulisoma."

Nikashuka kwa fundi wa redio aliye na kibanda kando ya geti, nikaomba mita. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mita nitakupa, lakini chomoa plagi kwanza. Halafu usikimbilie bodi. Angalia mlango. Vitu vyenye mlango hupenda kufia mlangoni."

Juu ya mlango, penye komeo, kuna swichi ndogo kuliko kiberiti. Kazi yake ni kuhakikisha mlango umefungwa, mashine isije ikamwaga maji jikoni. Kwa mashine hii, swichi hiyo isipofunga, stima haipiti na hakuna taa itakayowaka. Nilifungua skrubu za mlango moja moja, nikizipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa mpangilio wa zilikotoka. Nikachomoa nyaya mbili, nikagusisha ncha za mita, nikabonyeza swichi. Njia ikiwa nzima, mita hulia. Haikulia. Nikabonyeza tena. Kimya. Miaka miwili na nusu chuoni, na sikuwahi kujua furaha ya kuushika ubovu mkononi na kusema, ni wewe.

Fundi alivuta maikrowevu iliyokufa chini ya meza yake, akatoa swichi ya mlango wake. Akalinganisha miguu na maandishi, ampea 16, volti 250. Akaipima: ikibonyezwa inalia, ikiachwa inanyamaza. "Mia na hamsini."

Nilipokuwa nairudisha, Anti alinishikia tochi ya simu. Mikono yake ilikuwa karibu na uso wangu. Kwenye kiganja cha kulia kuna kovu linalong'aa ambalo sikuwahi kuliuliza.

"Anti, mimi si injinia. Niliacha chuo. Ile karo ya mwisho niliila."

Mwanga wa tochi haukutikisika.

"Semista gani?"

"Ya kwanza, mwaka wa tatu."

"Elfu thelathini na moja, mia tano." Hakufikiria hata kidogo. "Mwezi huo nilikuwa nimeungua mkono na mafuta. Niliosha na glavu. Maji yalikuwa yanaingia ndani."

Sikuwa na la kusema. Nikakaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza.

"Ulinunua nini?"

"Laptopu. Naandika."

"Inakulipa?"

"Kidogo."

"Basi utanilipa kidogo kidogo. Elfu moja mia tano kila mwezi. Miezi ishirini na moja." Hesabu hiyo aliipiga kichwani, tochi mkononi. "Sasa funga mlango tuone."

Nilifunga, nikachomeka plagi, akabonyeza mwenyewe. Taa ikawaka. Maji yakaanza kuingia taratibu, kwa sababu tangi liko juu ya paa, ghorofa moja tu kutoka kwetu, na maji hayana nguvu. Alisimama pale mpaka aliposikia yakipiga vyombo. Kisha akaninyima uso, akaenda kupika chai. Aliniwekea kikombe, lakini hakuketi nami.

Tangu siku hiyo haniiti injinia. Huniita kwa jina langu, na bado sijazoea. Wiki iliyopita jirani wa chini alimwambia pasi yake imekataa kuwaka. Anti alinipigia, akasema nije na mita. Akaniuliza pia naandika nini siku hizi, nikamwambia.

Nimelipa miezi 4. Pesa ya makala hii ni ya mwezi wa 5.