Nyumba ya Kiungani

Mwezi wa Juni mwaka 2024 tulishuka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, pamoja na kijana mmoja mwalimu na mkewe, kutafuta nyumba ya kupanga. Mwalimu yule alikuwa amehamishiwa huko, naye alituomba tufuatane, kwa kuwa ndisi tuliomtafutia nyumba yake ya kwanza.

Safari hiyo siku hizi ni nyepesi, maana barabara ni ya lami, kilometa 66. Kwanza mtu hupita milima ya Wamatengo, penye mikahawa na mashamba ya ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa mtelemkoni kama sega la nyuki, ili mvua isichukue udongo. Kisha njia yateremka, baridi yaisha, na Ziwa Nyasa laonekana chini. Mbamba Bay ni makao ya Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012.

Nyumba ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa kiungani, juu ya kilima: matofali ya kuchoma, bati jekundu, vyumba vinne, na baraza inayotazama ziwa. Sisi tukaisifu sana. Yule mama hakusema neno. Alitoka nje, akasimama uani, akatazama huku na huku, akauliza, "Baba, maji yako wapi? Na jirani wa karibu ni nani?" Bomba lilikuwa chini ya kilima. Jirani hakuwapo bado, ila misingi ya nyumba tu.

Tukanyamaza, maana tulikumbuka. Nyumba ile tuliyomtafutia, nje ya mji wa Mbinga, nayo tuliisifu kwa bati lake na madirisha yake. Usiku mmoja wa masika, mwaka 2021, mtoto wao alishikwa na homa. Baba yake alikuwa safarini, njia ilikuwa tope tupu, wala hapakuwa na mlango wa kubisha. Mama alimfunga mgongoni akaenda kwa miguu. Mtoto alifariki kabla ya kufika.

Basi tukaendelea kutafuta. Jioni tulipata nyumba ya vyumba viwili, bati lake kuukuu, katikati ya nyumba za wavuvi. Bomba lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni. Zahanati na shule zilikuwa karibu, hata mtoto mdogo aweza kufika bila kuchoka. Ng'ambo ya ua, bibi mmoja alikuwa akianua usipa. Kabla hatujamwambia haja yetu, alituletea bakuli limejaa. Kasoro ilikuwa moja: madirisha hayakuwa na wavu, na pwani ya ziwa ina joto na mbu kuliko milimani kwetu. Lakini wavu hununuliwa; jirani hanunuliwi.

Ndugu zetu mnaotafuta nyumba, kabla hamjahesabu vyumba, simameni uani. Hesabuni hatua za kufika kwenye maji, zahanati na shule. Kisha jiulizeni: usiku wa manane, tutabisha mlango gani? Sisi tulikawia kuliuliza neno hili.

Siku waliyohamia, mwalimu alipokuwa akipigilia wavu wa madirisha, mkewe alivuka ua kwenda kumwambia bibi yule jina lake.