Kulala Chali Nkoroi

Watu wa Nairobi hupenda kutuita dayaspora. Ati ukija Rongai beba pasipoti, na ukipita Rongai kuelekea Kiserian, hapo sasa tafuta viza. Nkoroi iko hapo kwenye viza. Unashuka Magadi Road, unaacha lami, unaingia barabara ya mawe na vumbi, unapita ploti ambazo nusu ni nyumba na nusu ni nguzo zinazongoja pesa. Kule mbele Milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi. Ng'ombe wakitaka kuvuka, gari husubiri. Lori la maji likipita, wewe funga mdomo.

Huku, nyuma ya geti moja la mabati, kuna darasa la yoga. Usifikirie zile studio za vioo na mishumaa ya kunukia unazoona Instagram. Ni uwanja wa nyumba ya mtu, umemwagwa saruji, juu kuna turubai. Jumamosi saa moja asubuhi tunatandika. Wengine wana mikeka ya yoga, wengine leso mbili juu ya zulia kuukuu. Kuna mwalimu wa nasari, kuna mama wa mitumba, kuna jamaa wa boda ambaye mgongo ulimgomea, kuna wasichana wawili wa chuo. Kuku wa jirani hupita katikati yetu bila kuomba ruhusa. Ada ni shilingi 300, na kama huna, unasema huna, unatandika.

Mimi nilienda kwa sababu nilikuwa silali.

Baba alikufa mwaka juzi, Agosti. Mimi ndiye kifungua mimba. Udongo wa kaburi haujakauka, wazee wakanishika bega mmoja mmoja: "Sasa wewe ndiye baba. Usilie, mama yako anakuangalia." Nikafanya nilivyoambiwa. Nilihesabu michango, nikajibu simu, nikamaliza bili ya hospitali, Jumatatu nikarudi kazini. Ndugu zangu walilia, Mama alilia, mimi nilikuwa natafuta viti vya wageni.

Miezi minne baadaye kifua kikaanza kubana. Mara ya kwanza ilikuwa ndani ya nganya, asubuhi, besi inapiga hadi kwenye mbavu, foleni imesimama karibu na Bomas. Nikadhani ni besi. Kisha ikanipata kitandani, saa tisa usiku, kimya kabisa. Hospitalini wakapima presha, wakapima moyo kwa mashine, wakapima damu. Niko sawa. Daktari akaniuliza kama nina mawazo. Nikamwambia, daktari, nani hana?

Mwalimu wa nasari ni jirani yangu. Kuta za ploti yetu ni nyembamba, kwa hivyo alikuwa akinisikia nikitembea usiku. Siku moja akanikuta kwenye kamba ya nguo akasema, "Jumamosi kuna mahali nataka tuende. Vaa suruali ya kukunjika."

Kitu cha kwanza tulichofundishwa kilikuwa kuhesabu. Vuta pumzi kwa nne, itoe kwa sita. Baadaye nilisoma kwa nini. Ukivuta pumzi moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa hupunguza. Ukirefusha kule kutoa, kuna neva ndefu inayotoka kichwani hadi kifuani na tumboni, nayo hupeleka habari kwamba hatari imepita, punguzeni mbio. Hakuna uchawi hapo. Lakini mtu aliyekaa miezi kadhaa akiwa tayari kukimbia, akiambiwa na mwili wake mwenyewe kwamba hatari imepita, anaweza kuona kama ni uchawi.

Mwalimu wetu alikuwa mwanasarakasi. Ni mmoja wa kizazi cha vijana waliofunzwa na Africa Yoga Project, shirika ambalo Mmarekani Paige Elenson alilianzisha Nairobi mwaka 2007 na kuwapa vijana wa mitaani kazi ya ualimu. Huwa naiwaza sana safari hiyo. Zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa huku kujenga reli kati ya 1896 na 1901, na waliobaki wamekuwa majirani zetu mjini kwa zaidi ya karne. Lakini mimi yoga sikuipata kwa hao majirani. Ilitoka India ikaenda Marekani kwanza, ndipo ikarudi hadi Nkoroi, kuvuka Magadi Road.

Sasa, mwisho wa darasa langu la kwanza mwalimu akasema tulale chali. Mikono kando, viganja juu, miguu iachiane, macho yafungwe. "Hii tunaita shavasana," akasema. "Pozi la maiti."

Nikafungua macho.

Mimi ndiye niliyeingia mochari kumtambua Baba. Hiyo pia ni kazi ya kifungua mimba. Kwa hivyo pozi hilo nalijua, na sikuhitaji mtu wa kunionyesha viganja vinakaaje. Niliketi. Mwalimu akaja akachuchumaa kando yangu, hakuuliza kitu. "Kaa tu," akasema. "Hesabu zako unazijua."

Jumamosi sita nilikaa hivyo, wengine wamelala, mimi nikiangalia kuku. Jina hilo si la jana. Limo katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, ambacho kinasema kulala hivyo huondoa uchovu na kutuliza akili. Nilikuwa najiuliza ni mtu gani alitazama maiti akaona mapumziko.

Jumamosi ya saba nililala. Sijui kwa nini siku hiyo. Nilitoa pumzi kwa sita, na baada ya pumzi kukatoka sauti ambayo sikuitambua, halafu nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni. Hakuna aliyenishika bega. Hakuna aliyeniambia mama yangu ananiangalia. Mama wa mitumba alinyosha tu mkono akanitupia leso yake miguuni, kwa sababu kulikuwa na upepo, kisha akafunga macho yake tena.

Usiku huo nililala hadi saa kumi na moja.

Kwetu nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Mama ni mtu wa kanisa, na kanisani walikuwa wameambiwa kwamba yoga hufungua mlango, na unaoufungua hujui nani ataingia.

"Unaenda wapi na hiyo mkeka?" akaniuliza.

"Mazoezi, Mama."

"Mazoezi gani hayo ya kufunga macho?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia neno yoga ni la Kisanskriti, na mzizi wake unahusu kufunga nira, kuunganisha. Nikamkumbusha kwamba nira anaijua, imo katika Mathayo 11, amewahi kuifundisha kwa akina mama wenzake. Nikadhani nimeshinda.

Mama alikuwa anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Nira huwa na mwenyewe," akasema. "Swali ni nani anakulimisha."

Hadi leo sina jibu zuri kuliko swali hilo. Wenzangu wengi husema ni kunyoosha viungo tu, haina dini. Si kweli, na Mama si mjinga. Yoga ina kwao. Ina miungu na walimu na vitabu vya watu walioifanya wakitafuta Mungu wao. Ninayoifanya mimi ni kipande, na ni vizuri nijue ni kipande cha nini. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba sisi hatuombi kitu, tunahesabu tu.

"Na mnamaliza aje?"

"Tunalala."

"Mnalala aje?"

Nikamweleza. Na jina nikalitaja, kwa sababu angelisikia kwa mtu mwingine.

Mkono wake ukasimama ndani ya mchele. "Mimi nimelala hivyo tangu hiyo Agosti," akasema. "Naangalia mabati mpaka jogoo. Na hakuna mwenye amenilipisha mia tatu."

Tukacheka wote wawili, kisha tukanyamaza. Halafu akaniuliza Baba alikuwa amevaa nini nilipomwona kule. Hakuwa amewahi kuniuliza. Nikamwambia. Mchele ulichelewa sana siku hiyo.

Kuna watu mtandaoni hupenda kusema shosho zetu walifanya yoga kitambo, si waliinama shambani siku nzima? Mimi hapana. Shosho yangu aliinama kwa sababu mahindi hayajipalilii. Hakuna aliyemwambia sasa nyosha mgongo, sasa lala, kazi yako kwa dakika kumi ni kupumua. Angeambiwa hivyo labda tungemzika akiwa amenyooka. Sitaki kuita mateso yake jina zuri. Nataka tu mapumziko yasiwe ya wenye studio peke yao. Mwaka 2020 jopo la serikali lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe dharura ya kitaifa, lakini saa moja na mshauri mjini bado inaweza kumeza matumizi ya wiki nzima ya mtu wa hapa. Turubai yetu haichukui nafasi ya daktari. Kifua kikikubana, nenda ukapimwe moyo kwanza kama nilivyoenda. Lakini ukiambiwa uko sawa na wewe unajua hauko sawa, itabidi uende mahali fulani.

Mwenye uwanja sasa anataka kujenga gorofa. Mawe yameshamwagwa karibu na geti, na tunatandika tukiyazunguka. Mwalimu anatafuta kwingine, labda upande wa Tuala. Mama hajawahi kuja, na sijamwomba. Ila Jumamosi iliyopita, nikiwa nafunga kamba za viatu, aliuliza kutoka jikoni kama ni lazima mtu afunge macho.

Nikamwambia si lazima.